Piga Picha Tu, Usijaribu Kutibu

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, madaktari wanaosomea radiolojia, wauguzi na wataalamu wa mionzi. Wengi wenu mlikuwa zamu, mkaomba niiweke yote. Nimeiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Wenzangu, hamjambo? Na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango, sogeeni huku, viti vipo.

Nimeombwa nieleze maisha ya daktari wa tiba radiolojia yakoje, yaani anayetibu kwa sindano na mirija myembamba huku akiongozwa na picha za ndani ya mwili. Nitawasimulia ya mtu mmoja aliyeianzisha kazi hii, na humo humo nitachomeka yangu, kwa sababu yake nimeyasoma lakini yangu nimeyabeba mgongoni.

Nianze na karatasi moja. Miaka ya 1960, katika hospitali ya chuo kikuu huko Portland, jimbo la Oregon, Marekani, daktari wa upasuaji alijaza fomu ya kuomba picha ya mishipa ya damu ya mgonjwa wake. Kwenye fomu hiyo, kwa herufi kubwa, akaandika: onyesha, lakini usijaribu kurekebisha. Fomu ilikuwa inakwenda kwa Dokta Charles Dotter.

Kwa nini mtu aandike hivyo? Fundi saa humwambii "angalia tu, usitengeneze" mpaka uwe unajua kwamba ameshaanza kutengeneza. Dotter alikuwa ameshaanza. Na waliokuwa na visu mkononi hawakupenda.

Lakini ndugu zangu, swali langu leo si kwa yule mpasuaji. Ni kwetu sisi. Dotter aliandikiwa na mtu mwingine. Sisi tumejiandikia wenyewe.

Nilikuwa na mwaka mmoja tangu nihitimu radiolojia, katika hospitali ambayo sitaitaja. Akaletwa mama wa miaka 44, mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi. Uso umevimba, anatapika, mkojo umekata siku mbili. Nikampima kwa altrasaundi. Figo zote mbili zimejaa maji, mirija ya mkojo imebanwa na uvimbe huko chini. Nikaandika ripoti. Ilikuwa ripoti nzuri sana: vipimo kwa milimita, kiwango cha kuvimba kwa kila figo, kila neno mahali pake. Nikasaini. Nikaita, "Mwingine!"

Siku ya nne nilipita wodini kwa shughuli nyingine nikakuta kitanda chake kimetandikwa upya. Nikamuuliza sista, yule mama amepewa rufaa? Akanitazama. "Daktari, amefariki jana alfajiri."

Kilichomuua ni figo. Saratani ilikuwa bado inampa muda. Nikafungua faili. Ripoti yangu iko juu kabisa, safi. Chini yake daktari wa wodi ameandika: asubiri daktari bingwa wa mkojo. Daktari bingwa wa mkojo hakuwepo mkoa mzima. Mimi nilikuwepo! Mashine ilikuwepo. Kutoka ngozi ya mgongo wake hadi kwenye yale maji niliyoyapima zilikuwa sentimita sita, saba hivi. Sindano ndefu zilikuwa stoo. Hakuna aliyenikataza. Haikunijia hata akilini kwamba ile ni kazi yangu.

Mgonjwa yule alikuwa wa nani?

Liwekeni swali hilo moyoni, maana nitalirudia. Mgonjwa huyu ni wa nani?

Sasa twende Portland.

Januari 16, 1964. Bibi mmoja wa miaka 82, Laura Shaw, amelazwa. Mguu wa kushoto unamuuma usiku na mchana, una kidonda kisichopona, vidole vimeanza kuoza. Mshipa mkubwa wa paja umebana mahali pamoja padogo, damu haishuki. Madaktari wa upasuaji wamesema mguu ukatwe. Bibi amekataa. Kabisa. Amekataa.

Wahenga wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Naliheshimu neno hilo, lakini mguu si uji. Bibi Shaw aliulizwa, akajibu hapana, na tiba nzima tunayoizungumzia leo ilipita katika mlango wa hapana ile. Angekubali kukatwa, Dotter angeletewa picha za kupiga tu.

Dotter alifanya nini? Alipitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja, akauvusha pale palipobana. Juu ya waya akasukuma katheta, yaani mrija mwembamba, ya plastiki iliyochongoka, na juu ya hiyo akasukuma nyingine nene zaidi. Akapatanua. Hakupasua wala hakumlaza bibi wa watu kwa nusu kaputi. Dakika chache baadaye ule mguu uliokuwa wa baridi ukapata joto. Katika wiki moja maumivu yakaondoka. Bibi Shaw aliishi karibu miaka mitatu zaidi, akitembea kwa miguu yake miwili.

Mnasikia? Kwa miguu yake miwili.

Watu husema iligunduliwa siku hiyo. Hapana. Mwaka mmoja kabla yake, 1963, Dotter alikuwa anampiga mgonjwa picha ya mishipa ya tumbo, na katheta ikapenya bila kukusudiwa katika mshipa wa nyonga uliokuwa umeziba. Ikauzibua. Wangapi kati yetu tungeona hilo tukashukuru Mungu hakuna madhara, tukaenda nyumbani? Yeye hakuliacha. Juni 1963 akaenda Karlovy Vary, Czechoslovakia, akasimama mbele ya mkutano wa madaktari wa radiolojia, akawaambia kwamba katheta si lazima ibaki chombo cha kutazamia, inaweza kuwa chombo cha upasuaji. Wakati huo Bibi Shaw alikuwa hajafika hospitali. Maneno yalitangulia mgonjwa. Na kati ya waliomsikiliza alikuwepo daktari wa Prague, Josef Rösch, ambaye miaka minne baadaye alihamia Portland kufanya kazi naye, na mwaka 1969 akaonyesha kwa wanyama jinsi ya kutoboa njia ya damu ndani ya ini bila kulipasua. Kwa hiyo ninyi wa kule mlangoni, hamjui hotuba itawapeleka wapi.

Hapa naomba tusimame kwa walioamini na wasioamini. Nchini kwake, wengi hawakuamini. Wakampa jina, Charlie Mwendawazimu. Ulaya ndiko walikoichukua kazi yake. Eberhard Zeitler, Ujerumani, aliifanya na kuifundisha, hata jina la Dotter likageuka kitenzi, wakawa wanasema mgonjwa "amedotewa". Kwa Zeitler akajifunza kijana Andreas Grüntzig, ambaye alitengeneza puto dogo la kuvimbishwa ndani ya mshipa. Alilitengenezea jikoni kwake, Zürich, usiku, na gundi na mirija mezani. Septemba 16, 1977 akalitumia kutanua mshipa wa moyo wa mtu aliye macho. Kila stenti ya moyo mnayoisikia leo, kile kimrija cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa usibane tena, kila mzee anayesafiri kwenda kuzibuliwa moyo, ametokea kwenye jiko lile, na jiko lile limetokea kwa Bibi Shaw.

Vifaa! Najua mnachotaka kuniambia, maana mnaniambia kila siku: mama, hatuna vifaa. Ni kweli. Nami naumia. Sitasimama hapa niwaambie umaskini ni baraka, maana nimeona watu wakifa kwa kukosa mrija ambao kwingine unatupwa ukipitwa na tarehe. Lakini sikilizeni hili. Dotter alitengeneza waya zake kwa nyuzi za gitaa na kwa kebo ya spidi ya gari. Novemba 1963, kwenye mkutano wa radiolojia Chicago, alimkuta kijana mfanyabiashara, Bill Cook, ana kimeza kidogo na kitochi cha moto, anavuta mirija ya plastiki kuwa katheta. Dotter akaazima tochi na mirija, akaenda navyo hotelini. Asubuhi akarudi na katheta kumi alizozitengeneza kwa mkono wake.

Na hata hizo zote zimesimama juu ya kitu kimoja ambacho kila mmoja wenu anaweza kukijua leo. Mwaka 1953, Msweden Sven-Ivar Seldinger, kijana mwenye umri wa wengi wenu, alijiuliza: nitaingizaje mrija mnene kwenye tundu la sindano nyembamba? Jibu lake semeni pamoja nami. Sindano ndani. Waya ndani ya sindano. Toa sindano. Katheta juu ya waya. Tena! Sindano. Waya. Toa sindano. Katheta. Basi. Mshipa, figo, nyongo, jipu la ini, maji ya mapafu, yote ni hayo hayo. Waya ukishakuwa mahali pake, kila kitu kinaufuata kama uzi unavyofuata sindano. Waya usiuachie, hata ukiitwa na mkurugenzi.

Sasa nafika mahali penye uchungu, na hapa nitakaa kidogo.

Dotter alikuwa na alama yake aliyoipenda: bomba na spana vimepishana. Alisema fundi bomba akiweza kuzibua mabomba, sisi tunaweza kuzibua mishipa. Hakuona aibu kufananishwa na fundi. Lakini mwaka 1968 huyo huyo akawaonya wenzake wa radiolojia kwa maneno makali. Aliwaambia kwamba wasipokubali kuwabeba wagonjwa wao, yaani kuwaona kabla, kuwalaza, kuwafuata baada ya tiba na kujibu kwa matokeo, watakuwa mafundi bomba wa bei ghali tu, na kazi yao itachukuliwa na wengine, kwa kuwa mashine mtu yeyote anaweza kuinunua na ufundi mtu yeyote anaweza kujifunza.

Je, alikosea? Mishipa ya moyo iko kwa nani leo? Iko kwa madaktari wa moyo. Sisemi wameiba. Nasema mgonjwa alipouliza "daktari wangu nani?", wao walijibu mimi, na sisi tulikuwa chumba cha giza tunaandika ripoti nzuri.

Mgonjwa huyu ni wa nani?

Nawaomba madaktari vijana mnielewe. Tiba radiolojia haiishi pale unapotoa bandeji kinenani. Ukimwekea mama mrija wa figo, ule wa kutoa mkojo kupitia mgongoni, nani atamfundisha kuusafisha? Nani atambadilishia baada ya miezi mitatu? Ukichomoka usiku kule kijijini, atampigia nani? Kama jibu ni "arudi wodini wataona", hujamtibu, umemtoboa.

Na kuna nyakati jibu sahihi ni kutokutoboa. Mrija wa figo hauponyi saratani. Unazipa figo nafasi ili mgonjwa aweze kupata dawa, maana dawa ya saratani kama sisplatini haitolewi kwa mtu ambaye figo zimelala. Lakini kama saratani imeenea na hakuna tiba nyingine inayokuja, unamwongezea nini? Wiki za maumivu na mfuko wa mkojo kiunoni? Wengine watasema ndiyo, nina mtoto anaolewa mwezi ujao, niwekee. Wengine watasema hapana, niacheni. Huwezi kulijua hilo kwenye skrini. Lazima uvute kiti, ukae, umuulize. Niliwahi kukaa saa nzima na bibi mmoja wa Kilosa, mwishowe akanishika mkono akasema, "Mwanangu, umenieleza vizuri. Nipeleke nyumbani." Tukampeleka. Naihesabu siku hiyo kuwa siku ya kazi iliyokamilika.

Mniruhusu niseme kidogo kuhusu mwili wa daktari, maana mliomba maisha na si kazi pekee. Aproni ya madini ya risasi, ile ya kuzuia mionzi, ina kilo tano, sita, wakati mwingine saba. Unaivaa umesimama saa tatu, nne. Mgongo wangu unajua hali ya hewa kabla ya redio. Miwani ya risasi vaeni, mtoto wa jicho anakuja mapema kwa wanaoipuuza. Ile beji ya kupima mionzi ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, haikuwekwa kuning'inia kwenye koti ofisini: ivaeni, irudisheni kwa wakati, someni majibu yake. Dada zangu, ujauzito si mwisho wa kazi hii, lakini semeni mapema ili mpimwe na mlindwe. Usiingie chumba cha mionzi kwa kumwonea haya bosi.

Simu za usiku zipo. Mume wangu anazijua kwa mlio. Watoto wangu wamekula ubwabwa wa Idi bila mimi mara mbili, na sikuyasahau macho yao. Dotter mwenyewe alipewa kuongoza idara akiwa na miaka 32, mwaka 1952, akaiongoza mpaka alipofariki Februari 1985. Akaugua saratani ya Hodgkin njiani. Hakuacha kazi, na hakuacha milima: alipanda vilele vyote 67 vinavyozidi futi 14,000 katika Marekani bara, bila kuhesabu Alaska, akapanda na Matterhorn. Nawatajia milima makusudi. Mtu huyu alikuwa na kitu nje ya hospitali kilichomrudishia pumzi. Nanyi kitafuteni chenu. Mimi nina shamba la mihogo Mkuranga.

Sasa kwetu. Kabla ya mwaka 2018, Tanzania, nchi ya watu karibu milioni 60, haikuwa na daktari hata mmoja aliyesomea tiba radiolojia kikamilifu. Mwaka huo, kupitia mpango wa Road2IR, timu za madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na vyuo vingine zikaanza kuja Muhimbili, kila moja wiki zake, zikifundisha juu ya meza. Zilianzia kwenye kazi zisizodai mashine kubwa: kuchukua kinyama cha uvimbe kwa sindano, mirija ya figo, mirija ya nyongo, majipu. Mwaka 2019 MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikafungua shahada ya uzamili ya fani hii, na mwaka 2021 wa kwanza wakahitimu. Hao sasa wanafundisha wenzao, wakiwemo wa kutoka nchi jirani. Nilipenda sana jambo moja: hawakuja madaktari peke yao. Muuguzi alifundishwa na muuguzi, mtaalamu wa mionzi alifundishwa na mtaalamu wa mionzi. Katika chumba kile hakuna wa kusimama pembeni.

Mimi si mmoja wa wale waliohitimu shahada ile. Mimi ni daktari wa radiolojia wa mkoani, niliyekwenda kuomba kufundishwa mambo machache ninayoweza kuyafanya kwa altrasaundi yangu, nikiwa na mvi tayari. Niliona aibu siku ya kwanza. Kijana aliyeniongoza mkono angeweza kuwa mwanangu, na aliniita mama muda wote huku akinisahihisha: mama, pembe imelala, mama, subiri apumue, mama, sasa.

Miezi minne baada ya kurudi kituoni kwangu akaletwa mama wa miaka 39. Saratani ile ile. Uso ule ule. Mkojo umekata. Kreatinini, kipimo cha damu kinachopanda figo zikishindwa, ilikuwa 1,140. Nikampima: figo zote mbili zimejaa maji.

Nilisimama pale na kifaa mkononi na sikuandika chochote. Nikatoka, nikamwita sista, nikamwambia andaa ganzi, sindano ndefu, waya na mfuko. Nikarudi kwa yule mama, nikavuta kiti. Nikamweleza. Nikamwambia mimi naitwa nani. Akauliza, "Wewe ndiye daktari wangu?"

Nikamjibu ndiyo.

Akalala kifudifudi. Ganzi. Sindano. Nilipotoa kile kichuma cha ndani ya sindano mkojo ukaruka, ukanilowesha mkono wa gauni, na sista akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, na mimi machozi yakanitoka nyuma ya barakoa. Waya. Toa sindano. Katheta. Usiku ule alitoa lita tatu. Baada ya siku tisa kreatinini ilikuwa 160, akapanda gari kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, kuanza mionzi na dawa, na namba yangu ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kadi yake. Ameipiga mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia Alhamisi, uzi ulioshikilia mrija ulikuwa umelegea.

Basi ndugu zangu, sitaki mtoke hapa mmesikia tu. Asubuhi nimepita bucha nikanunua figo nne za ng'ombe. Tumezijaza maji na kuzifunga ndani ya vipande vya nyama, ziko chumba cha pili pamoja na mashine mbili za altrasaundi, sindano na waya. Walimu wangu, mkiniruhusu, wataanza wale waliokaa mlangoni. Njooni wawili wawili, mmoja ashike kifaa, mmoja ashike sindano, kisha mbadilishane. Vaeni glavu.